Inchi Moja ya Mzee Futi

Tepu ya fundi cherehani haikatiki kwa mkono. Hilo lilithibitishwa kituoni asubuhi ile mbele ya mashahidi, na mashahidi wenyewe walikuwa bado wanahema. Makonstebo wawili, mmoja mnene na mwingine mcheza mpira, walishika tepu mpya huku na huku wakavuta kwa nguvu zao zote, mpaka yule mnene akaishia kukalia ndoo ya taka. Tepu ikabaki nzima.

Mkuu wa kituo alicheka hadi akavua miwani. Alipoivaa tena, uso wake ulikuwa umerudi kazini. Akamwambia Inspekta kwamba hapo basi, hakuna la kuongeza. Yule binti fundi anadai mtu alimvuta kwa tepu aliyoivaa shingoni, ikakatika, ndipo akaponyoka. Sasa tepu hazikatiki, wote wameona. Halafu ncha za ile tepu yake pale ilipoachana zimenyooka, zimekatwa kwa mkasi, hata kipofu angepapasa akajua. Maana yake binti alimpiga mtu wa watu, kisha akakata tepu yake mwenyewe ili apate hadithi ya kutusimulia. Jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo hii, shtaka la kudhuru mwili, na binti, aliye nje kwa dhamana, aingie mahabusu.

Inspekta hakubisha. Kituoni walimwita Kobe, na jina lenyewe hakulichukia. Walimpa kwa ajili ya mwendo wake, na pia kwa sababu katika utumishi wake wote hakupenda kubeba bastola. Alitembea na mwavuli, kiangazi na masika. Vijana wakimtania kwamba siku moja atakutana na jambazi, huwajibu kwamba ameshakutana nao wengi tu, na wengi wao walikuwa wanaogopa kelele kuliko risasi.

Aliomba kitu kimoja, apewe mpaka jioni. Na kile kielelezo, tepu katika bahasha yake, aondoke nacho.

Mkuu akashusha pumzi. Kobe hainami ila ana jambo analolitunga, hilo alilijua vizuri, na mara mbili tatu lilikuwa limeshamwokolea kazi.

"Mpaka jioni," alisema. "Ukirudi mikono mitupu, nasaini."

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa mlalamikaji. Huyu alikuwa ajenti wa vitambaa, mtu wa viatu vinavyong'aa, na mitaa yote ya mafundi ilimjua kwa jina la Bwana Sampuli kwa sababu hakosi vipande vya kitambaa mfukoni. Kobe alimkuta sebuleni kwake, mkono wa kushoto umefungwa plasta na pua imevimba. Akasimulia upya bila kuulizwa. Jumamosi mchana alipita nyuma ya duka la Mzee Futi kuonyesha kitambaa kipya. Binti wa mzee alikuwa anafunga mlango wa nyuma. Akamsalimu kwa heshima, na yule binti, sijui kapatwa na nini, akamrukia akampiga puani, yeye akaanguka chali akavunjika kifundo cha mkono. Tepu? Hakuigusa kabisa. Hata hakuiona.

Kobe akamwomba amwonyeshe mkono wa kulia, ule mzima. Katikati ya kiganja palikuwa na kidonda kidogo chenye pembe, kimeanza kukauka.

"Hiki je?"

"Nilipoanguka. Kokoto."

Kobe akamtakia afya njema, akaondoka. Kule nyuma ya duka alishafika, na pametandikwa vigae vitupu. Kokoto hakuna hata ya dawa. Lakini kidonda cha kiganja hakimwokoi binti wa watu, na mchana ulikuwa unakwenda.

Duka la Mzee Futi lilikuwa chumba kimoja kirefu, cherehani mbili upande wa dirishani na meza ya kukatia katikati. Mzee mwenyewe alipata jina lake kutokana na futi ya mbao, nyeusi kwa kushikwa, ambayo hakuwahi kukubali kuibadilisha. Kazi yao waliigawana hivi: binti anampima mteja kwa tepu na kutamka namba kwa sauti, baba anachora chaki kwa futi yake ya mbao na kukata. Hakuna aliyegusa chombo cha mwenzake. Wateja walisema kuingia mle ni kama kusikiliza watu wanaoitikiana wimbo.

Siku hiyo wimbo haukuwapo. Mzee alikuwa amesimama mezani na chaki mkononi, hachori kitu. Binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Pini kwa tabia yake ya kubana pini midomoni, alikuwa anapiga pasi sketi ile ile kwa mara ya tatu. Shingoni alivaa tepu mpya ya kuazima. Alipomwona Inspekta mlangoni, alizima pasi, akajifuta mikono, akauliza kama aje na sweta. Alisikia mahabusu kuna baridi.

Moyo wa Kobe ulimuuma, na hakuona haya kwamba umemuuma. Alimwambia sweta isubiri. Kwanza amsimulie tena, na safari hii kwa vitendo. Yeye Kobe atakuwa Sampuli.

Wakatoka uani. Pini akasimama penye mlango, akaonyesha alivyokuwa anafunga komeo. Sampuli alikuja na kitambaa, akakisifia kitambaa, kisha akamsifia yeye. Pini akajibu kwamba duka limefungwa. Akajaribu kupita kando, kwa sababu mwalimu wao aliwafundisha kwamba silaha ya kwanza ni miguu: ukiweza kuondoka, ondoka, usimwage ushujaa. Sampuli akaziba njia. Ya pili ni sauti. Akapaza, "Niache, sitaki, ondoka," kwa maneno mafupi kama alivyofundishwa, ili hata aliye mbali ajue kwamba hawa si wapenzi wanaogombana. Ila fundi viatu wa jirani alikuwa na redio, na redio ilikuwa na mpira.

"Hapo ndipo akashika tepu," Pini alisema. Akashika ncha za tepu ya kuazima. "Ncha zote mbili, hapa kifuani. Akazizungusha kwenye ngumi yake ya kulia, akanivuta kuelekea stoo. Nikakosa hewa. Nikasema basi. Kisha, ghafla, nikawa huru. Sijui ilikatikaje, Afande. Nakuapia sijui."

"Ikawaje?"

"Alikuwa amevuta kwa nguvu zake zote, akaanza kuyumba kinyumenyume. Nikampa kiganja puani, hivi, kutoka chini. Akaenda chali. Nikakimbia."

Kobe alimtazama jinsi alivyokunja vidole nyuma na kutanguliza kitako cha kiganja. Alilifahamu pigo hilo. Lilikuwa la mstaafu mmoja wa magereza, mama mfupi aliyefundisha wanawake kujihami Jumatano jioni katika ukumbi wa shule, nao wakamwita Mwalimu Kiganja. Huyo mama alikuwa na msemo wake: hapa hatufundishi kushinda ugomvi, tunafundisha kufika nyumbani.

Kobe akamuuliza swali lililokuwa likimkera tangu Jumamosi. Katika mkoba wa Pini mlikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia. Mbona hakuutoa?

"Mwalimu anasema silaha ambayo mtu anaweza kukunyang'anya bado si yako," Pini alijibu. "Halafu, Afande, mimi nilitaka aniache tu. Sikutaka afe."

Waliporudi ndani palikuwa na mteja. Karani wa posta, mwanamke mwenye kiuno cha nyigu na nyonga za kuheshimika, alikuwa anajigeuza mbele ya kioo amevaa gauni la bluu, meno yote nje. Akawaeleza wote, pamoja na Inspekta ambaye hakumjua, kwamba gauni alilichukua wiki mbili zilizopita, limempwaya nyonga, na Mzee Futi amemhakikishia kwamba amepungua. Na ni kweli amepungua, maana ameacha sukari kwenye chai. Amekuja libanwe kidogo, lakini hana malalamiko yoyote.

"Umepungua, mwanangu," Mzee alisema, macho yake yakitazama sakafu. "Umepungua sana."

Kobe akamzunguka karani taratibu. Nyonga zilikuwa zinacheza ndani ya kitambaa. Kiuno kilikaa sawasawa. Sasa mtu anapunguaje nyonga, kiuno kikabaki pale pale? Kobe mwenyewe alikuwa ameshajaribu kupungua mara nyingi, na kwake kilichoondoka kwanza siku zote kilikuwa uso.

Pini akamvuta kando, nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, akamnong'oneza kwa aibu. Asimshangae baba. Macho yake yanazeeka. Tangu mwezi uliopita magauni yanatoka mapana, na mzee, badala ya kukiri, anawaambia wateja wamepungua. Yeye Pini anajifanya haoni. Anakuja mapema kabla baba hajaamka, anayabana yale ambayo hayajachukuliwa. Kama atafungwa, ni nani atakayeyabana? Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, kuliko baridi ya mahabusu. Baba atapoteza wateja mmoja mmoja na hatajua kwa nini.

"Na suruali za wanaume?"

"Kiunoni zile za wanene tu. Za wembamba ziko sawa."

"Na wiki hii?"

Pini akafikiri. Wiki hii, tangu aazime tepu, hakuna kilichopwaya. Lakini alidhani ni kwa sababu kazi zimekuwa chache.

Kobe akatoka nyuma ya pazia. Akaokota sindano mezani, akamwomba Mzee amtungie uzi, kifungo cha koti lake kinalegea. Mzee akatunga mara moja, bila kuisogeza dirishani, bila hata kulamba uzi. Kobe akaishika ile sindano na kuitazama kwa muda. Macho hayo yalikuwa mazima kuliko yake.

Basi akakaa. Akavaa glavu, akafungua bahasha, akaitandaza ile tepu mezani, vipande vyote viwili. Ilikuwa tepu ya zamani, njano iliyofifia, vichwa vyake vya bati vimechakaa, vyenye pembe kali. Kobe aliziona zile pembe, akakumbuka kiganja cha Bwana Sampuli, akaliweka hilo akiba. Kipande cha kwanza kiliishia kwenye thelathini. Cha pili kilianzia hapo hapo. Ukiviweka ncha kwa ncha, hakuna namba iliyokosekana. Ndiyo maana kituoni hakuna aliyetazama zaidi, yeye mwenyewe akiwamo, jambo ambalo alijitukana nalo kimoyomoyo.

Alitoa lenzi. Mwishoni mwa kipande cha kwanza palikuwa na matundu madogo ya sindano, safu moja. Mwanzoni mwa kipande cha pili, hadi ndani ya inchi ya kwanza, safu nyingine. Kobe akakipandisha kipande kimoja juu ya kingine taratibu mpaka matundu yakakutana. Yakakutana barabara. Na pale yalipokutana, inchi moja nzima ilikuwa imefichwa chini.

Karani wa posta aliacha kujigeuza.

Kobe akaanza kusema polepole, kama mtu anayehesabu dengu. Tepu hii ilikatwa kwa mkasi, Mkuu wa kituo hakukosea. Ila ilikatwa zamani, kisha ikapandishwa na kupigwa bandi, ule mshono mwepesi wa kushikiza tu, uzi mmoja, unaoachia ukivutwa. Aliyefanya hivyo alikula inchi moja. Chini ya thelathini tepu ilisema kweli, juu yake ilizidisha. Pini akipima nyonga za mtu, tepu inampa inchi ambayo mtu huyo hana, anaitamka, na baba anaikata kwa futi ya mbao isiyodanganya. Kwa hiyo nyonga zinapwaya, kiuno kinakaa. Na magauni yaliyopwaya yalitoka mlangoni humu kabla ya ile Jumamosi, kwa hiyo hakuna atakayesema bandi hiyo ilitungwa baada ya ugomvi.

"Kwa hiyo sijapungua," alisema karani wa posta.

"Hapana, mwanangu," Kobe alimjibu kwa huruma. "Lakini gauni lako linaweza kumwokoa mtu. Nitaliomba."

Kisha akamgeukia Mzee Futi. Alimsogezea kigoda tu.

Mzee alikaa. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Alirudi kutoka kwenye yale mafunzo yake akicheka. Akaniambia mwalimu amewakataza kuvaa shingoni kitu kisichoachia. Cheni, kamba ya kitambulisho, chochote. Kwa sababu mtu akikishika, kimekuwa kitanzi. Akasema, 'Baba, fundi bila tepu shingoni ni fundi gani?' Akacheka, akaenda kuoga. Mimi sikucheka. Nikaitazama ile tepu pale kwenye msumari. Hivi nilimlea peke yangu aje aondoke kwa tepu?"

Kobe akaweka lenzi mezani.

"Nikaikata, pale inapokaa kisogoni. Nikaipiga bandi. Ncha kwa ncha haishiki, ndiyo nikaipandisha. Inchi sikuiwazia hata kidogo. Mimi na tepu wapi na wapi? Magauni yalipoanza kurudi nikajua ni macho. Nikasema, mtoto asijue. Akijua nimeanza kupofuka hataolewa, atakaa hapa kunilinda."

"Na ulipoambiwa tepu imekatwa kwa mkasi, mbona hukusema, Mzee?"

"Ningesema nini? Kwamba mkasi ni wangu? Mngesema baba na mwana wamekaa wakapika uongo. Nani angemwamini baba?" Akafuta uso kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu. "Na tena, ile tepu si ya duka. Nilimpa mama yake siku niliyomposa. Sikuwa na uwezo wa pete. Marehemu alinipimia nayo miaka yote. Huyu ameirithi, hamwachii mtu hata kuishika. Ningeanzaje kumwambia nimeikata?"

Pini alikuwa amesimama penye pazia. Wala hakuna aliyekuwa amemtuma aondoke. Machozi yalimtoka bila sauti, pini mbili zikiwa bado midomoni, na ikabidi azitoe kwanza ndipo aweze kulia vizuri.

"Mzee," Kobe alisema, "mimi sihitaji kukuamini. Nina gauni. Na macho yako ni mazima, umetunga sindano mara moja mbele yangu. Kilichokosa ni inchi, na inchi hiyo ndiyo iliyomrudisha huyu nyumbani."

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko mwendo wa Kobe. Kituoni Mkuu alilaza lile gauni juu ya meza, akapima kwa tepu mpya, akalinganisha na namba ambazo karani alikumbuka zikitamkwa, akapima tena. Makonstebo wakapewa tepu nyingine, imekatwa na kupigwa bandi vile vile. Yule mnene alivuta kwa mkono mmoja tu, ikaachia, akaenda chali, na alipoinuka hakuna aliyehitaji kumweleza Bwana Sampuli alivunjikaje mkono. Kichwa cha bati cha tepu ya marehemu kikapelekwa kwa daktari pamoja na mwenye kiganja. Pembe na kidonda vilikubaliana. Bwana Sampuli, aliyekuwa hajaigusa tepu wala kuiona, akakumbuka kwamba huenda aliigusa kidogo. Za mwizi ni arobaini, na za mwongo ni chache zaidi. Jalada likageuzwa, jina lake likahamia upande wa mshtakiwa.

Jua lilikuwa bado linapiga vigae vya uani Kobe aliporudi dukani kutoa habari. Alitaka pia kuwaomba radhi. Tepu ya marehemu itabaki mahakamani mpaka kesi iishe, hana namna. Ila ametia mfukoni mpya, ya kununua mwenyewe, si badala ya ile, ila ya kufanyia kazi.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Pini alimsikiliza Inspekta hadi mwisho, akashusha pumzi ndefu ambayo pengine aliishikilia tangu Jumamosi, kisha akaichukua ile tepu mpya mikononi mwa baba yake. Akaizungusha shingoni, akapapasa kisogoni inapokaa, akabana hapo kwa vidole viwili. Akaivua. Akafungua mkoba, akatoa ule mkasi mkubwa ambao hakuutumia siku ile, akaikata.

Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti ya baba yake kama alivyokaa alipokuwa mdogo, akampa vipande viwili na sindano.

"Shona, Baba," alisema. "Uzi mmoja. Na hii inchi yangu nirudishie, safari hii nitaitoa kabla sijatamka namba."